Kigego na Ndugu Yangu

Mara ya kwanza kumkana ndugu yangu nilikuwa na umri wa miaka 11. Ilikuwa siku ya gulio mjini Lushoto, mwaka 1974, na mama alikuwa amenikabidhi mdogo wangu nimshike mkono mpaka atakapomaliza kuuza ndizi zake. Mdogo wangu alikuwa na miaka saba. Alisimama kati ya watu na matenga, kiganja kimoja kimeziba sikio, akivuma sauti moja tu isiyopanda wala kushuka, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Wakapita wavulana wawili wa darasa langu. Mmoja akacheka, akaniuliza: "Yule nani?" Nikauachia ule mkono, nikajibu: "Simjui."

Wavulana wakaenda zao. Nilipogeuka nilimwona mama amesimama nyuma yangu, tenga tupu mkononi. Alikuwa amesikia. Hakunipiga wala hakunikemea, na mpaka alipofariki mwaka 2003 hakulitaja neno lile hata mara moja. Laiti angalinipiga, ningalilia nikasahau. Lakini yapo madeni ambayo mwenye kudai akinyamaza ndipo yanapozidi kukua.

Naandika haya nikiwa Unguja, ambako nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30 na ambako sasa nimestaafu. Msomaji wa kurasa hizi amezoea mazungumzo ya vina na mizani. Leo namwomba anivumilie nimzungumzie mtu ambaye hakuunganisha maneno mawili mpaka alipofika miaka tisa.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1967 katika kijiji kilicho juu ya mji wa Lushoto, pale ambapo asubuhi ukungu huingia hadi jikoni. Alitambaa na kutembea kama watoto wengine. Alikuwa na maneno mawili matatu, kisha yakapotea. Ukimwita jina hageuki, lakini kikombe cha bati kikigongwa nyumba ya pili hushtuka. Akipata maharage aliyapanga mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye mafiga, mekundu mbali, meupe mbali, na ukiondoa punje moja hulia mpaka jua lizame. Mvua ilipopiga juu ya bati, naye alikuwa akiishi katika milima ya mvua, alijikunja chini ya kitanda na kujigonga kichwa ukutani.

Majirani walikuwa na majibu kabla hatujauliza. Wengine walisema ni husuda. Wengine walisema ni lile degedege alilolipata akiwa na mwaka mmoja na nusu, na degedege kwao halikuwa homa bali ndege apitaye usiku. Wazee wa ukoo walidai tambiko lililosahauliwa. Baba, aliyekuwa mtu wa dini, alimnywesha kombe. Bibi akamvisha hirizi. Kisha akaja mtu aliyesema kwamba ulimi umefungwa, akaikata kwa wembe ile kamba iliyo chini yake. Damu ilitoka, maneno hayakutoka.

Hayo yote mama aliyastahimili. Lililomchoma ni methali. Wanawake kisimani, bila ya kumtazama usoni, walikuwa wakisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tulikuwa watoto sita, tumelelewa na mikono ileile, kwa ugali uleule na fimbo ileile. Hakuna aliyewahesabu wale watano. Nimeipenda lugha hii maisha yangu yote, nimewafundisha wanafunzi wangu kuziheshimu methali zake, lakini najua pia kwamba methali ikiwekwa mdomoni mwa asiye na huruma huwa kisu chenye mpini mzuri.

Mwaka 1977 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi kwa kila mtoto. Balozi wa nyumba kumi akaja kuandikisha. Baba akamwambia: "Ninao watoto watano." Balozi alimtazama baba, kisha akautazama mlango wa chumba cha nyuma, ambako sauti ile ya nyuki ilikuwa ikisikika. Akaandika watano. Nadhani alifikiri anatusitiri. Hivyo katika mwaka ambao nchi nzima ilihesabu watoto wake, ndugu yangu hakuhesabiwa, na hakuna aliyefanya hivyo kwa chuki. Walifanya kwa heshima, na heshima ya namna ile ina ukatili ambao chuki haiufikii.

Neno usonji nililisikia ukubwani. Kabla yake maneno tuliyokuwa nayo yalikuwa zezeta, taahira, punguani, bozi, hamnazo. Mwalimu wa lugha hawezi kujizuia kuyachungulia maneno. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini wale wenye kasoro za mwili tuliwapa kiambishi kile tunachokipa kiti, kisu na kijiko: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo lugha ilipowatupa watu katika kundi la vyombo. Nami niliwahi kuamini hivyo, mpaka siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili aliponikumbusha kwamba kiongozi na kijana nao wamo humo, na kwamba hakuna Mswahili asemaye "kipofu kimekuja". Tunasema "kipofu amekuja". Na sote, wazima na wasio wazima, ni viumbe. Basi lugha haikutuhukumu. Jina likimtupa mtu, kitenzi humrudisha miongoni mwa watu. Kinachobaki ni sisi wenyewe kukisema kile kitenzi.

Wataalamu wanatueleza kwamba usonji si wazimu wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni namna ambayo ubongo unakua tangu mapema kabisa, kwa sehemu kubwa kutokana na yale tunayoyarithi, na humfanya mtu ayapokee maneno, sauti, mguso na mazoea kwa njia iliyo tofauti. Wapo wasiosema kabisa na wapo wasemao kama vitabu. Wapo wanaohitaji kulishwa na wapo wanaofundisha vyuo vikuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu mmoja katika kila 127 alikuwa na hali hii. Gulio la Lushoto huwa na watu wengi kuliko idadi hiyo. Ina maana kwamba siku ile ya 1974 huenda mdogo wangu hakuwa peke yake pale sokoni. Wengine walikuwa wamefichwa vizuri zaidi.

Nilipoanza kusoma habari hizi nilidhani nitakuta kwamba aibu ilikuwa yetu sisi wa milimani, tusiosoma. Sivyo nilivyokuta. Daktari Leo Kanner aliieleza hali hii huko Baltimore, Marekani, mwaka 1943, kutokana na watoto 11 aliowachunguza, na haikuchukua muda wataalamu wakawageukia akina mama. Walisema watoto hao wamejifungia ndani ya nafsi zao kwa sababu mama zao ni baridi. Mwaka 1967, mwaka uleule aliozaliwa ndugu yangu, Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu mashuhuri kilichowabebesha wazazi mzigo huo. Kwa hiyo wakati mama yangu akisimangwa kisimani kwa methali, mama wa Marekani alikuwa akisimangwa hospitalini kwa istilahi. Aliyepinga mapema, mwaka 1964, alikuwa Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji. Kanner naye mwaka 1969 alisimama mbele ya wazazi akawatakasa na lawama hiyo. Na bado lawama haikufa. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapa makala iliyouhusisha usonji na chanjo ya surua. Makala hiyo ilifutwa mwaka 2010, lakini mpaka leo wapo wazazi wanaojilaumu kwa siku waliyompeleka mtoto kliniki.

Kila nchi, basi, imeivika aibu hii nguo yake. Roy Richard Grinker, mwanaanthropolojia na baba wa binti mwenye usonji, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 2007 kwamba huko Korea ya Kusini aliwakuta akina mama waliopendelea daktari aseme kwamba mtoto ameharibika kwa sababu mama hakumpenda vya kutosha. Kwa nini mama achague lawama hiyo? Kwa sababu lawama hiyo humwangukia yeye peke yake, ilhali jina la usonji lingeuangukia ukoo, na dada za mtoto wasingeposwa. Wasomali waliohamia Stockholm na Minneapolis walisema kwamba kwao hali hii haikuwa na jina, na baadhi yao wakaiita ugonjwa wa Uswidi. Karibu na kwetu, katika pwani ya Kenya, Joseph Gona na wenzake waliwahoji wazazi na wataalamu wa dini na makabila mbalimbali, wakachapisha waliyoyasikia mwaka 2015: wapo waliotaja mapepo, uchawi na laana, na wapo waliotaja malaria, uzazi mgumu na urithi. Mara nyingi yote hayo hukaa katika nyumba moja, na mzazi humpeleka mtoto kwa daktari asubuhi na kwa mganga jioni. Sioni kwamba huo ni ujinga. Ni mtu anayebisha kila mlango kwa sababu mtoto wake yuko nje kwenye baridi.

Na wapo waliolitafuta neno jipya. Wamaori wa New Zealand walipotunga istilahi zao, mwaka 2017, Keri Opai aliuita usonji takiwātanga, maana yake kuwa katika wakati wake na nafasi yake mwenyewe. Nililiandika neno hilo kwenye karatasi nikalibandika juu ya meza yangu. Lingalikuwapo kijijini kwetu, pengine yule balozi angaliandika sita.

Sasa nirudi Usambara, maana huko ndiko nilikokutana na kitu ambacho sikukitarajia. Wengi wa wasomaji wetu wanaijua Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu aliyewahi kumtumikia Semboja wa Mazinde, iliyopigwa chapa kwa sehemu kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikachapishwa tena Nairobi mwaka 1962. Ni habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu, akaja kuwa mtawala wa Wasambaa na shina la ukoo wa Wakilindi. Nilikuwa nimeisoma nikiwa kijana kwa ajili ya mtihani. Nikaisoma tena uzeeni kwa ajili ya ndugu yangu, na neno moja likanisimamisha: Mbegha alikuwa kigego.

Kigego ni mtoto ambaye meno yake ya juu hutangulia kuota. Katika bara na pwani ilisadikiwa kwamba mtoto huyo ni nuksi, na kwamba akiachwa akue jamaa zake watakufa mmoja mmoja. Wazazi wengi waliamriwa kumwangamiza. Wazazi wa Mbegha hawakumwangamiza. Walipofariki, jamaa walimnyima fungu lake wakisema kigego harithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akahangaika, hatimaye akafika Usambara, akawakuta watu ambao mashamba yao yanaliwa na nguruwe. Akawaua nguruwe, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Kisha akaua simba. Kigego akawa Simba Mwene.

Nilifurahi mno. Nilijiambia: tazama, ufalme wetu wote umesimama juu ya mtoto aliyekuwa atupwe! Nikataka kukimbia hadi kwenye kila baraza niwaambie watu. Wapenda hadithi tuna udhaifu huo, tukipata mfano mzuri tunadhani tumepata dawa.

Lakini usiku ule sikulala. Nilikumbuka kwamba Wasambaa walimpokea Mbegha kwa sababu alileta nyama. Je, angalikuja mikono mitupu? Angalikuja hajui kuwinda, hajui kusalimu, anavuma kama nyuki na kuogopa mvua, angaliitwa Simba Mwene? Siku hizi tunapowatetea watoto wenye usonji tunapenda kuwataja wale wenye vipaji: huyu anajua hesabu kuliko mashine, yule anachora mji mzima kwa kumbukumbu. Ni kweli wapo, na ni wachache. Tukiwasifia hao peke yao tunaendelea kuuliza swali lilelile la kale: umetuletea nyama gani? Ndugu yangu hakuleta nyama. Kama heshima yake inangoja nyama, basi itangoja mpaka kaburini. Tumemtoa kigego aliyeua simba, tukamwacha porini kigego asiyeweza kumuua hata sungura.

Haya nayasema kwa wepesi sasa. Miaka minne iliyopita nilipata nafasi ya kuyatenda, nikashindwa. Binti yangu, aliyeolewa hapa mjini, alimpeleka mwanawe hospitalini. Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu, hasemi, hatazami, anazungusha kifuniko cha chungu kutwa nzima. Nilifuatana nao. Daktari, mama mtulivu, aliuliza maswali mengi, kisha akauliza: "Katika ukoo, upande wa mama au wa baba, yupo mwingine aliyechelewa kusema, au aliyekuwa na mambo kama haya?" Binti yangu akajibu kwa yakini: "Hakuna."

Nami nilikuwa nimeketi pale. Niliitazama sakafu.

Wanangu walikuwa wakijua kwamba nina ndugu wanne. Niliwaambia hivyo walipokuwa wadogo, kama baba yangu alivyomwambia balozi. Niliporudi Lushoto kwa mazishi nilikwenda peke yangu na nikalala nyumba ya wageni. Hivyo ndivyo nilivyomkana ndugu yangu mara ya pili, nikiwa mtu mzima, mwalimu, mwenye mvi.

Jioni ile binti yangu alisema: "Baba, tusiwaambie watu. Mawifi zangu bado hawajaposwa, na watu huulizia ukoo." Nikawakumbuka wale mama wa Korea. Zanzibar ilikwishapitisha sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Bara ikafuata na yake mwaka 2010. Umoja wa Mataifa umeifanya tarehe 2 Aprili kuwa siku ya kuukumbuka usonji tangu mwaka 2008. Yote hayo ni mema, lakini hakuna sheria iingiayo chumbani mwa mama anayeogopa posa za mawifi zake. Huko huingia mtu wa nyumbani tu, akiwa na neno la kweli.

Nikamwambia. Nilimweleza habari za baba yake mdogo asiyemjua, za maharage, za mvua, za wembe, za gulio. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Miaka yote hii, baba? Mwaka mzima nimekuwa nikijilaumu kwa homa niliyoipata mimba ikiwa changa. Nimekuwa nikijiuliza nimemkosea nani." Hakulia. Lililonivunja ni kwamba hakunilaumu kwa ajili ya ndugu yangu. Alinilaumu kwa ajili yake mwenyewe, na alikuwa na haki. Mimi nilidhani kimya changu kinanisitiri mimi, kumbe kilikuwa kinamchimbia shimo yeye.

Ilituchukua miaka mitatu kupata ujasiri na nauli. Tulivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, tukapanda basi la Lushoto. Mtoto alilia kutoka Chalinze hadi karibu na Korogwe. Abiria mmoja alisema achapwe, samaki hukunjwa angali mbichi. Mwingine alihama kiti. Binti yangu akasimama katikati ya basi, mkono mmoja umeshika chuma, akasema kwa sauti: "Mwanangu ana usonji. Hafanyi jeuri. Kelele zinamuumiza masikio kama moto unavyokuumiza wewe mkono." Kukawa kimya. Kisha mzee mmoja akauliza, bila ya kejeli, usonji ni nini, naye akamweleza. Konda akazima redio. Hakuna aliyetoa hotuba, na yule wa samaki hakuomba radhi. Lakini redio ilizimwa, na toka Mombo tulipoanza kupanda kona za mlima mtoto alilala.

Mdogo wangu sasa ana miaka 58. Anaishi katika nyumba ya mama pamoja na dada yetu wa mwisho. Anazo sentensi chache, na anazitumia vizuri. Wafanyabiashara humletea maharage yaliyochanganyika ayatenge, na hakuna mashine itakayomshinda. "Humlipa wakikumbuka," dada aliniambia. Usiku bado hupiga kelele sufuria ikihamishwa mahali pake. Dada yetu hakuolewa. Alikuwa na miaka 22 mama alipoanza kudhoofika, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa kitako kupanga zamu. Tulimpelekea fedha na tukamsifu kwa subira. Nimejifunza kujihadhari na sifa hiyo. Mara nyingi tunaposifu subira ya mwanamke tunakuwa tumekwisha kumkimbia.

Siku ya pili dada alituchukua hadi Irente, kwenye njia inayoelekea ukingo wa mlima ambako chini kabisa unaiona nyika ya Mazinde. Ipo pale tangu mwaka 2005 shule iliyofunguliwa na Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kilutheri, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Dada, ambaye ni Mwislamu kama mimi, alisema kwa ufupi: "Kaka, ingalikuwapo mwaka ule." Tulisimama kidogo, tukaendelea. Niliwaza kwamba kutoka kwenye wembe ule hadi kwenye lango lile si mwendo wa saa moja kwa miguu, na umechukua zaidi ya miaka 30.

Msomaji atataka kujua walivyokutana, mtu wa miaka 58 na mtoto wa miaka sita. Nami njia nzima nilikuwa nimejitungia mkutano mzuri. Haukuwa hivyo. Mdogo wangu alikuwa uani anapanga maharage yake. Mtoto akamwendea, akachukua punje moja nyekundu kutoka kwenye mstari. Mdogo wangu akairudisha. Mtoto akaichukua tena. Mara ya tatu mdogo wangu akanguruma, mtoto akalia, binti yangu akamkimbilia, na ikawa zogo. Kesho yake walikaa kila mmoja pembe yake ya ua, hawatazamani. Ila niliona kwamba kifuniko cha chungu ambacho mtoto hukizungusha kilikuwa kimewekwa mahali pamoja kila asubuhi, karibu na mlango, na dada akaapa kwamba si yeye akiwekaye.

Siku ya gulio niliomba nimpeleke mimi. Nilimshika mkono, mkono mgumu wa mkulima, tukateremka hadi sokoni kati ya makabichi na plamu na makelele yale yale. Sauti ya nyuki ikaanza. Nilikuwa nimeliandaa jibu langu kwa miaka 51. Nilitamani mtu aniulize: yule nani? Hakuna aliyeuliza. Tulizunguka soko zima na hakuna aliyeuliza.

Mwishowe, mbele ya mama mmoja auzaye maharage, nikashindwa kungoja. Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Shikamoo, mama. Huyu ni mdogo wangu."

Akaitikia, akanitazama kutoka kofia hadi viatu. Kisha akamsogezea mdogo wangu kigoda, akamwekea ungo mbele yake.

"Huyu namjua," akasema. "Wewe ndiye nani?"